Mwenye Kadi ya Bima Aambiwe Kabla ya Sindano

Wakazi wa Daraja Mbili, katika Jiji la Arusha, wengi wao ni watu wanaokula kwa nguvu ya migongo na magoti yao. Wamo waashi na maseremala, wamo akina mama wanaoinamia cherehani tangu asubuhi hadi jioni, wamo wachukuzi wa mizigo sokoni na waendesha bodaboda, na wamo pia vijana wanaowabebea watalii mizigo katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ambao katika kazi hiyo huitwa wagumu. Kwa watu wa namna hii maumivu ya mgongo ni pigo kwa riziki ya nyumba nzima. Mgongo ukigoma, jiko nalo hugoma.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba mtu aliyeumwa kwa miezi hubisha hodi kila mlango. Huenda hospitali akapewa vidonge, akaenda kwa mchuaji, akaonja miti shamba, na hatimaye akasikia habari za sindano nyembamba za Kichina, yaani akupancha. Wachache miongoni mwao wana kadi za bima ya afya za kampuni binafsi, walizopewa na waajiri wao. Hapo ndipo swali linapozuka: je, kadi hiyo italipia sindano? Aghalabu jibu huja kwa kuchelewa, baada ya mgonjwa kutibiwa, kutoa fedha zake mfukoni na kupeleka stakabadhi akitumaini kurudishiwa. Dai hurudi na neno moja: haihusiki.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la watu wachache na sindano zao. Lakini ndani yake mna suala kubwa la haki. Bima ni ahadi inayonunuliwa kwa fedha taslimu kabla ya shida kutokea. Ni haki ya mnunuzi kujua amenunua nini.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba tiba ya sindano si mgeni wa jana katika nchi hii. Madaktari wa kwanza kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara ikawapokea wa kwanza wake mwaka 1968. Tangu wakati huo timu za madaktari zimekuwa zikipokezana, zile za Zanzibar zikitoka jimbo la Jiangsu na zile za Bara zikitoka jimbo la Shandong. Miongoni mwa maarifa waliyokuja nayo ni tiba ya sindano. Mataifa ya Magharibi yalianza kuizungumza kwa sauti kubwa baadaye, hasa baada ya mwaka 1971, pale James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times la Marekani, alipopasuliwa kidole tumbo mjini Beijing na kuandika jinsi sindano zilivyomtuliza baada ya upasuaji huo. Wakati Wamarekani walipokuwa wakiyasoma hayo kwa mshangao, Watanzania walikwisha kuishi na madaktari hao kwa miaka kadhaa.

Wala sheria za nchi hazikuifumbia macho tiba ya namna hii. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikua kuwa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka huo, iliyounda Baraza la kuwasajili na kuwasimamia watoa tiba. Kwa hiyo mtoa tiba ya sindano anayefuata sheria hajifichi uchochoroni. Amesajiliwa, amelipa ada, na yuko chini ya chombo kinachoweza kumfutia usajili.

Hapa ndipo penye fundo. Kwa mkono mmoja dola inamtambua mtoa tiba huyu na kumruhusu kumhudumia mwananchi. Kwa mkono wa pili, mikataba mingi ya bima binafsi katika Afrika Mashariki huiweka tiba mbadala yote katika orodha ya mambo yasiyolipiwa, pamoja na urembo na miwani ya fahari. Mgonjwa anayeona cheti cha usajili kimetundikwa ukutani hudhani kwamba kilichoruhusiwa na sheria kinalipiwa na bima. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hakuna aliyejitaabisha kumweleza.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofikia hapo, hapana budi kutazama nyuma kidogo. Azimio lililopitishwa katika mji huo huo wa Arusha mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa biashara ya bima, na Shirika la Bima la Taifa likabaki peke yake sokoni kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, na matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Katika hali hiyo, mtu hakuhitaji kadi ya kumfungulia mlango wa daktari. Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena, mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali, na mwaka 1996 sheria mpya ikawafungulia wafanyabiashara binafsi mlango wa bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Hivyo katika muda wa miaka kumi tu, mwananchi aliyezoea kuuliza "daktari yupo?" alitakiwa kujifunza kuuliza swali jipya: "kadi yangu inalipia nini?" Elimu ya kumwezesha kuuliza swali hilo haikwenda kwa kasi ile ile.

Haki inadai upande wa kampuni za bima nao usikilizwe. Fedha za bima ni fedha za wanachama wote zilizowekwa katika chungu kimoja. Kila dai linalolipwa bila uangalifu huongeza ada ya mwaka unaofuata kwa wote, pamoja na yule ambaye hakuugua hata siku moja. Maumivu ya mgongo hayaonekani kwa macho kama mfupa uliovunjika, wala hayana siku ya kwisha inayojulikana. Mtu aweza kwenda kuchomwa sindano kila juma kwa miaka miwili, na asiwepo wa kusema kama amepona au amezoea. Tena, udanganyifu katika madai ya matibabu ni maradhi yanayojulikana katika nchi nyingi, na hayakuikwepa Tanzania. Hofu ya kampuni basi ina msingi.

Lakini hofu yenye msingi haihalalishi kuufunga mlango kabisa bila kuchungulia. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: sindano husaidia nini, kwa kiasi gani, na kwa gharama ipi? Wapo waliokwisha kuliuliza kwa makini, na majibu yao yanafaa kusomwa Arusha.

Huko Ujerumani, mifuko ya bima ya lazima ilipobanwa na wagonjwa waliotaka sindano zilipiwe, haikuamua kwa kubahatisha. Iligharamia uchunguzi mkubwa. Katika mmoja wa uchunguzi huo, uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa kufuata kanuni za Kichina. La pili lilichomwa juu juu tu, mahali pasipo pa kanuni, bila kujua. La tatu lilipewa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi ya viungo. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, katika la pili asilimia 44.2, na katika la tatu asilimia 27.4.

Tarakimu hizo zinafundisha mambo mawili kwa pamoja, wala haifai kuchukua moja na kulitupa la pili. La kwanza ni kwamba waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko waliopewa tiba ya kawaida peke yake. La pili ni kwamba mahali pa kuchoma hapakuleta tofauti kubwa, jambo linaloyatia shaka maelezo ya jadi kuhusu njia za nguvu mwilini. Mwenye kuuza sindano kama dawa ya kila maradhi hapati shahada yoyote hapo. Lakini mchukuzi wa mizigo anayetaka kuinama bila kulia, huyo anapata hoja. Wajerumani walikata shauri kwa busara: tangu mwaka 2007 bima yao ya lazima hulipia sindano kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti lililolika, ikitolewa na daktari aliyefunzwa kazi hiyo. Maradhi mengine hayakuingizwa.

Marekani nayo, isiyojulikana kwa ukarimu katika mambo ya bima, ilifuata njia kama hiyo. Tangu Januari 2020 mfuko wake wa wazee, uitwao Medicare, hulipia sindano kwa maumivu sugu ya kiuno tu. Mgonjwa hupewa mara 12 katika siku 90. Akionyesha nafuu huongezewa mara 8, lakini kwa mwaka mmoja hawezi kuzidisha mara 20. Asipopata nafuu, malipo husimama.

Ni dhahiri basi kwamba kati ya kulipia kila kitu na kutolipia chochote ipo njia ya tatu, nayo imekwisha kupitiwa na wengine. Ugonjwa hutajwa kwa jina, idadi ya sindano hupewa kikomo, mtoa tiba hutakiwa awe na sifa zinazojulikana, na malipo huendelea pale tu nafuu inapoonekana. Kwa utaratibu huo chungu cha wanachama hakitoboki, wala mwenye maumivu ya kweli hafukuzwi mlangoni. Kampuni za bima zinazofanya biashara Tanzania hazina sababu ya kushindwa kuandika kifungu cha namna hiyo. Tena si ajabu ikawa ni faida kwao, kwani mgonjwa anayepata nafuu kwa sindano kumi hupunguza vidonge, picha za mionzi na siku za kukosa kazi.

Wapo watakaosema kwamba ukiifungulia sindano mlango, kila mganga atapita hapo hapo. Hoja hiyo isidharauliwe, kwa maana Mkoa wa Arusha wenyewe una kumbukumbu yake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi porini, wapo wagonjwa waliofia njiani, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Hapakuwa na kadi ya bima, wala hapakuwa na aliyeuliza habari za ushahidi. Bei ilikuwa ndogo, lakini gharama yake kwa walioacha dawa ilikuwa kubwa mno.

Funzo la Samunge ni kwamba mwenye maumivu hatangoji. Akikosa mahali penye usimamizi, atakwenda mahali pasipo na usimamizi. Kifungu cha bima kinachotaja tiba moja, ugonjwa mmoja na mtoa tiba aliyesajiliwa ni ukuta dhidi ya utapeli, kwa kuwa kinampeleka mgonjwa penye sindano safi ya kutumiwa mara moja na kutupwa. Hilo nalo si jambo dogo. Sindano iliyorudiwa yaweza kumwambukiza mtu homa ya ini au virusi vya ukimwi, akaingia kwa maumivu ya kiuno na kutoka na msiba.

Likiachwa suala la kulipia au kutolipia, lipo ambalo halihitaji uchunguzi wa miaka wala mfano wa Ujerumani. Ni lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Ikiwa hakimu anatakiwa kumhukumu mtu kwa lugha anayoielewa, ni kwa hoja gani mfanyakazi wa Daraja Mbili apewe mkataba wa afya yake kwa Kiingereza cha mawakili, tena kwa herufi za kusomwa kwa miwani? Mara nyingi mkataba huo hata hafiki kuuona. Hukaa katika kabati la mwajiri, naye hupewa kadi na orodha ya hospitali. Orodha ya mambo yasiyolipiwa ndiyo sehemu anayoihitaji zaidi, na ndiyo inayomfikia mwisho. Kila kampuni yafaa ilazimike kumpa kila mwenye kadi ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha: haya hulipiwa, haya hayalipiwi, haya hulipiwa kwa kibali. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inao uwezo wa kulisimamia jambo hilo, na gharama yake ni karatasi.

Wakati hayo yakingojewa, mwenye kadi naye asikae kama mtu aliyefungwa mikono. Kabla ya kulala kitandani kwa mtoa sindano, aulize kampuni yake kwa maandishi kama tiba hiyo inalipiwa, na atake jibu kwa maandishi. Apate kwanza barua ya daktari wa hospitali inayotaja ugonjwa wake, kwa kuwa maumivu ya mgongo mara nyingine huficha kifua kikuu cha mifupa au uvimbe, na sindano haiponyi hayo. Ahakikishe kwamba mtoa tiba amesajiliwa na Baraza. Atunze stakabadhi zenye tarehe, jina la tiba na kiasi kilicholipwa. Dai likikataliwa, adai kuonyeshwa kifungu kilichotumika kulikataa. Na akiona ameonewa, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama yeye. Vyama vya wafanyakazi vinavyojadiliana na waajiri kuhusu bima vifanye kazi hiyo mapema, kabla mkataba haujatiwa saini, badala ya kungoja malalamiko.

Hata hivyo ni lazima kukumbuka kwamba mwenye kadi ya kampuni binafsi ni mtu mwenye bahati. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa ukijadiliwa mwaka 2022, ilielezwa kwamba takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote, na waliokuwa katika bima binafsi walikuwa kama mmoja katika kila mia. Mchukuzi wa sokoni na mgumu wa mlimani, ambao migongo yao ndiyo inayoumia zaidi, wengi hawakuwa katika hesabu hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, ililenga kuziba pengo hilo kwa kuweka kitita cha msingi kwa kila mtu, mafao ya ziada kwa anayeweza kuyalipia, na mfuko wa kuwabeba wasio na uwezo.

Hapo upo utaratibu wa kipaumbele ambao haufai kugeuzwa. Haitakuwa haki sindano za mwenye kadi ya fahari zitangulie, huku fundi asiye na kadi akikosa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kitita cha msingi kimhakikishie kwanza mtu wa Daraja Mbili daktari wa kumpima, dawa za kutuliza maumivu na mazoezi ya viungo karibu na nyumbani, na pale kazi inapozidi uwezo wa kituo, rufaa ya kwenda Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru. Sindano kwa maumivu ya kiuno na goti zianze katika mafao ya ziada na katika mikataba ya kampuni binafsi, kwa kikomo kinachojulikana, na hesabu zake ziwekwe wazi. Zikionyesha kwamba zinarudisha watu kazini kwa gharama nafuu, hoja ya kuziingiza katika kitita cha wote itakuwa imejitetea yenyewe. Zikishindwa, zitaachwa bila lawama.

Baraza liweke wazi orodha ya waliosajiliwa, ili mwananchi asitapeliwe na cheti cha kughushi. Kampuni ziandike vifungu vinavyosomeka. Waajiri wawape wafanyakazi wao mkataba pamoja na kadi. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji fedha za kigeni au mtaalamu wa kukodiwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Anayepokea fedha za ahadi kila mwezi anao wajibu wa kuitamka kwa lugha ya aliyemlipa, na kuitamka kabla sindano haijagusa ngozi.